Barua Niliyojiandikia Mlimani

Nilitembea kutoka Kawangware hadi Laini Saba bila kusimama, na njia nzima nilikuwa nikijaribu kukumbuka niliandika nini hasa. Ukurasa wa kwanza ungeweza kusomwa na mtu yeyote, hata mchungaji. Ukurasa wa pili niliuandika nikijua utasomwa na mimi peke yangu. Sasa kurasa zote mbili zilikuwa katika mfuko wa koti la baba yangu, na zilikuwa humo tangu Alhamisi.

Ilikuwa Jumamosi, Januari ya mwaka wa tisini na saba, na jua lilikuwa kali. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu nimwambie Dalmas Ojwang kwamba sitaki kumwona tena. Nilisema hivyo kwa hasira na nikaondoka bila kugeuka, na tangu siku ile haikupita jioni bila mimi kutazama langoni.

Karakana yake ilikuwa hatua chache kutoka kwenye reli: kuta za mabati, meza ndefu, na cherehani nzito ya kushonea turubai aliyojifundisha mwenyewe kuitumia, kwa kuharibu na kurudia. Mbele ya mlango mama yake, Mama Rosebella, alikuwa ametandaza nguo za watoto za mitumba juu ya gunia. Aliniona kabla sijamwona.

"Heh! Leo umekumbuka njia?"

"Habari ya mchana, mama?"

"Yangu ni ileile. Ya mtoto wangu ndiyo uliharibu. Wiki saba anashona tu. Hali vizuri, haongei. Hema za watu zitaisha kwa kushonwa."

"Yuko ndani?"

"Ataenda wapi? Kwani ana Kawangware nyingine?"

Nilipita. Dalmas alikuwa ameinama juu ya hema la kijani, sindano ndefu mkononi, uzi wa nta ukining'inia mdomoni. Aliinua macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa karibu kila kitu isipokuwa macho hayo. Hayakunilaumu wala hayakuuliza nilikuwa wapi. Yalinitazama polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu alichokiona kwa mbali ndicho chenyewe. Akautoa uzi mdomoni.

"Wakarima."

"Barua imefika," nikasema.

"Barua gani?"

"Ile ya Mzee Kavoi. Tuliyoandika siku ya mwisho."

Akaanza kutabasamu. "Kumbe miezi sita imeisha. Kavoi hasahau."

"Dalmas, baba ameifungua."

Tabasamu likabaki nusu. Akaiweka sindano mezani, taratibu, na kunisogezea kiti.

Ilikuwa hivi. Julai iliyopita, mwalimu mkuu wa nasari ninayofundisha alinichagua niende kozi ya siku kumi na mbili katika mbuga ya taifa ya Aberdare. Tulikuwa watu kumi na wawili, walimu na viongozi wa vijana, na mkufunzi wetu alikuwa Mzee Kavoi, mtu mwembamba asiyepandisha sauti. Kozi ilifanywa Julai kwa makusudi, wakati baridi ni kali kuliko miezi yote. Kavoi alisema mtu anayeweza kufikiri vizuri akiwa amelowa na kutetemeka anaweza kufikiri vizuri popote. Tulijifunza kusoma ramani, kuwasha moto kwa kuni zenye maji, kutofautisha kinyesi cha nyati cha leo na cha jana, na kulala katika hema huku nyasi za nje zikiganda hadi asubuhi. Askari wa mbuga alitutangulia na bunduki. Nyuma kabisa alitembea Dalmas. Kituo kilichoendesha kozi kilimwajiri kwanza kushona mahema yaliyochanika. Akaomba kujifunza mengine, na baada ya miaka mitatu akawa mtu wa mkia, yule anayehakikisha hakuna anayebaki nyuma.

Siku ya mwisho Kavoi alitugawia karatasi na bahasha. Kila mtu ajiandikie barua, aifunge, aandike anwani yake. Yeye angezihifadhi na kuzitia posta baada ya miezi sita. "Huku juu watu husema mengi," alituambia. "Barua hii itakuja kukuuliza kama ulikuwa unasema kweli."

Nikaandika. Na juu ya bahasha, bila kufikiri, nikaandika anwani pekee niliyowahi kuwa nayo maishani: Sanduku la Posta la baba yangu. Sanduku hilo linapokea barua za nyumba nzima, za wapangaji wa ploti yetu ya vyumba vya kukodisha, na za ofisi zinazomwandikia kuhusu ploti. Baba huzifungua zote kwa kisu cha jikoni, amesimama, moja baada ya nyingine. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa.

"Imesema nini kunihusu?" Dalmas aliuliza.

"Imesema ulishakuja kwa baba."

Akaanza kuuzungusha uzi wa nta kidoleni.

"Niliandika, 'ukisoma barua hii, Dalmas atakuwa ameshafika kwa Baba.' Niliandika hivyo kwa sababu uliniambia. Pale kwenye maporomoko ya maji, uliniambia ukishuka utakuja. Nikakuamini. Agosti nikangoja. Septemba, Oktoba. Nikikuuliza unasema bado kidogo. Na sasa baba anauliza ni nani huyo aliyekuja kwake!"

"Nilijaribu, Waka."

"Kujaribu ni nini? Kwetu kuna lango. Mtu anabisha, anafunguliwa, anasema shida yake."

 Masikio yake yalikuwa yameiva. Mtu huyu, aliyenifuata huko mlimani ndani ya ukungu ambao hata askari mwenye bunduki aliuogopa, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kesho wazee wa kina Chege wanakuja," nikasema.

Akainua kichwa.

"Chege wa duka la hardware?"

"Chege wa hardware. Alikuja kwa baba Novemba, akasema lake wazi, kesho analeta wazee wake. Ni mtu mzuri, Dalmas. Sina neno baya juu yake. Lakini nikikaa naye huwa natazama saa." Nikaisogeza sindano yake pembeni ya meza. "Baba amesema uje leo saa kumi. Kesho anapaswa kuwapa wazee jibu, na anataka kuona uso wako kwanza."

Dalmas alisimama. Akalikunja hema, akanawa mikono hadi viwiko, akachukua shati jeupe lililotundikwa kwenye msumari.  Nje, Mama Rosebella alimtazama kuanzia kola hadi viatu.

"Shati la kanisa Jumamosi? Unaenda wapi?"

"Kawangware, mama."

"Kufanya nini?"

"Kuulizwa maswali."

Mama Rosebella aliikunja suruali ndogo ya mtoto, akaikunjua, akaikunja tena. "Kwani Laini Saba wasichana wameisha? Kuna Apiyo hapa nyuma, anaimba kwaya, mama yake tunajuana. Lakini wewe ni lazima utafute mtoto wa landlord." Akanigeukia. "Sina ubaya na wewe, msichana. Lakini watu wako watamkalisha huyu kwenye kiti na kumhesabu vidole. Akirudi hapa ameinama, usikanyage hapa tena."

"Sawa, mama," nikasema, kwa maana alikuwa na haki.

Saa kumi kasorobo tulikuwa kwenye lango letu, na hatukuwa tumesemezana maneno ishirini njia nzima. Mama yangu, Waithira, ndiye aliyefungua. Alimjibu Dalmas salamu bila kumpa mkono na kutangulia ndani.

Baba alikuwa sebuleni, ameketi chini ya kalenda, miwani puani, bahasha juu ya kitambaa cha meza. Dalmas aliinamisha kichwa kupita mlangoni. Baba alimtazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kaa chini, kijana. Ndiye wewe Dalmas?"

"Ndiyo, mzee. Dalmas Ojwang."

"Hm." Bado alimtazama. "Mimi ni mtu wa kwenda hatua kwa hatua. Nitasoma, halafu nitauliza. Barua hii ilikuja Alhamisi. Niliona mwandiko ni wa binti yangu, na jina la anayeandikiwa ni la binti yangu. Nikashtuka. Nikamwambia mama yake, mtoto ameanza kujiandikia barua, labda ni malaria ya kichwa. Ndiyo nikaifungua."

"Baba, ilikuwa kazi ya kozi—"

"Nimesoma, nimeelewa. Tulia." Akaufungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa sauti, kama anavyosoma matangazo kanisani. "'Wakarima, leo ni siku ya kumi na mbili. Vidole vyangu havisikii kalamu. Usisahau kwamba uliweza. Siku ya tano ulipotea katika ukungu, na hukulia.'"

"Kupotea?" Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Kule kwenye nyati? Wewe ulituambia mlikuwa mnaimba nyimbo!"

"Tuliimba pia, mama."

"Kijana," baba akasema, "hapa eleza wewe. Alipoteaje?"

Dalmas aliweka mikono juu ya magoti. "Alisimama kufunga kamba ya kiatu, mzee. Mimi nilikuwa nyuma nikimsaidia mwingine aliyeteguka mguu. Ukungu wa kule ukishuka, humwoni mtu wa hatua kumi mbele yako. Nilipofika kwa wenzangu nikahesabu vichwa, kumi na mmoja. Lilikuwa kosa langu. Mtu wa mkia hapaswi kumpita mtu yeyote."

"Ukafanya nini?"

"Tunawafundisha: ukipotea, kaa chini, usitembee, piga filimbi mara tatu, ngoja. Kavoi alibaki na kundi na askari. Nikarudi kwa njia ileile, nasikiliza. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, mgongo umenyooka, anapiga filimbi kama karani wa mahakama. Tatu, anangoja. Tatu, anangoja."

Nilikumbuka. Nilikumbuka weupe ule usio na upande, nyasi ndefu zikidondosha maji, na harufu ya mnyama mkubwa aliyepita karibu. Nilikumbuka mtu akitoka katika weupe huo akiwa na koti lililoshonwa kiraka begani, na jambo la kwanza alilosema: "Umefanya vizuri sana." Hakunigombeza kwa kubaki nyuma. Ukungu haukuturuhusu kutembea kwa saa mbili, tukaketi pale tukijibu filimbi ya Kavoi ili ajue tuko hai, na kati ya filimbi moja na nyingine tulizungumza. Kabla ukungu haujainuka nilikuwa nimeshajua habari yangu.

Baba aliendelea. "'Kijana aliyekupata anaitwa Dalmas. Ulimwambia mkishuka muonane mjini, kimya kimya. Alikataa.'" Akasita na kunitazama juu ya miwani. Nilitazama sinia. "'Alisema kwanza atakwenda kwa Baba. Ukisoma barua hii, Dalmas atakuwa ameshafika kwa Baba, na Baba atakuwa ameshasema neno lake.'"

Akaiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja.

"Nina miaka hamsini na minane," alisema. "Nimesahau mambo. Nimesahau miadi, nimesahau mwavuli. Sijawahi kusahau mtu aliyekuja kuomba binti yangu. Siku mbili nzima nimejiuliza nimezeeka kiasi gani. Sasa uniambie wewe. Ulimwambia mtoto utakuja. Ulikuja?"

Hapo ndipo nilipofumba macho. Kama angesema hapana, kesho ingekuwa ya Chege, na mimi mwenyewe nisingekuwa na la kusema.

"Nilikuja, mzee," Dalmas akasema. "Mara tatu."

Nikafumbua macho.

"Mara tatu wapi?" baba akauliza.

"Hapa langoni."

"Kwa nani?"

"Kwako, mzee. Mara ya kwanza ilikuwa Septemba. Ulikuwa na nyundo, unatengeneza bati. Kabla sijasema kitu ukaniambia, 'Nyumba zimejaa, jaribu mwisho wa mwezi.' Nikasema asante, nikarudi."

Mama aliweka sinia chini.

"Mara ya pili ilikuwa mwisho wa mwezi," Dalmas akaendelea, sauti yake ileile ya chini. "Nilijipanga vizuri. Ukanikaribisha, ukanipa hata kiti pale nje. Ukaniuliza natoka wapi, nikasema Laini Saba. Kazi gani, nikasema nashona turubai. Ukauliza kama nina mke. Nikasema sina. Ukauliza kama nakunywa pombe, kama nina watoto mahali, na naenda kanisa gani. Nikajibu yote. Nilikuwa natetemeka, lakini nikaona tunaendelea vizuri. Nilijua ndivyo mzazi anavyouliza."

"Ndiyo," baba akasema polepole. "Halafu?"

"Halafu ukasema, 'Wewe ni mtu nimekupenda. Namba saba itakuwa wazi. Nitakuandika.'"

 Baba akainuka, akaingia chumbani, na tukasikia droo ikivutwa. Alirudi na daftari la jalada gumu ambamo huandika watu wanaongojea vyumba. Akalowesha kidole, akafunua.

"Septemba," akanong'ona. "Septemba ... Nyamai, fundi bomba, watu watatu. Eddah, ana saluni ..." Kidole kikasimama. Akasogeza daftari karibu na miwani. "'Ojwang. Turubai. Mtu mmoja. Mtulivu.'"

"Ndiye mimi, mzee."

"Kwa hiyo uso huu ninaujua! Nimekaa hapa nikisema huyu kijana nimemwona wapi." Akageuka ghafla. "Na mara ya tatu? Mara ya tatu nilikuonyesha chumba!"

"Ulinionyesha. Ukaniambia jiko la makaa lisiwashwe ndani, na redio izimwe saa tatu, na wageni wa kike hutaki kuwaona."

Kutoka upande wa mlango ikatoka sauti ambayo sikuitambua mara moja. Mama yangu alikuwa ameshika mdomo kwa leso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Ukaniambia nijibu Ijumaa," Dalmas akamaliza. "Sikujibu."

"Nilikuwekea chumba hicho wiki mbili!" baba akasema kwa uchungu wa kweli. "Wiki mbili nilikuwa nikifukuza watu! Nikamwambia mama yake, yule kijana mtulivu ametupa neno lake akapotea, siku hizi hakuna waaminifu."

"Ulisema," mama akasema akikohoa ndani ya leso. "Ulisema mpaka kwenye sala."

"Lakini kwa nini hukusema, wewe? Mdomo ulikuwa nao!"

"Nilitaka kusema, mzee. Lakini ulikuwa umeshafungua kufuli, unanionyesha dirisha. Ulikuwa umefurahi. Nikaona nikisema wakati huo sikutaka chumba, nilitaka binti yako, utanipiga na ile kufuli."

Baba akamtazama. Akalitazama daftari. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho nilikuwa sijakisikia tangu ndugu yangu mkubwa aoe, na mama akaachia leso, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yakinitoka. Dalmas peke yake hakucheka. Alinitazama tu, na nikaelewa kwa nini mtu aliyeingia katika ukungu bila hofu alitazama viatu vyake. Angeniambiaje? Kwamba alikwenda kuomba mke mara tatu, akarudi na chumba?

"Nisamehe," nikamwambia kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa na haki ya kukasirika," akajibu.

Baba alifuta macho, akavaa uso wake wa kawaida. "Sasa. Mimi nina utaratibu. Miaka ishirini sijawahi kumrusha mtu foleni, hata ndugu yangu. Chege alikuja Novemba. Huyu yumo katika daftari Septemba."

"Baba," nikasema, "mimi si chumba."

"Najua wewe si chumba. Ndiyo sababu nakuuliza, mbele ya mama yako, nisikie kwa mdomo wako. Ni huyu?"

Nilikuwa nimelijibu swali hilo Julai, juu ya jiwe lenye maji. Lakini kulijibu pale, chini ya kalenda, chai ikipoa, ndiko kulikohitaji pumzi.

"Ni huyu, baba."

"Mama Wakarima?"

Mama aliketi. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Yeye ndiye niliyemwogopa. Tangu Alhamisi hakuwa amenisemesha, na kwa mama kunyamaza ni kukataa. Alimgeukia Dalmas.

"Utamweka wapi mtoto wangu?"

"Kwa sasa nina chumba kimoja Laini Saba, mama. Paa lilikuwa likivuja upande mmoja, nimeliziba kwa turubai. Sitakudanganya kwamba ni pazuri. Natafuta pengine."

"Na watu wenu watamkubali? Nyinyi ni watu wa ziwa na samaki. Sisi hatuwajui, na nyinyi hamtujui."

"Mama yangu hataki," Dalmas alisema. "Amesema leo mchana kuna msichana wa kwaya."

"Angalau ni mkweli," baba akasema. "Huyo mama na huyu wangu watapatana. Wote hawataki."

Mama hakumjali. Alinyoosha mkono, akaichukua bahasha, akatoa ukurasa wa pili. Ulikuwa umekunjwa mara nne. 

"Huu mimi sikuusoma," baba akasema haraka. "Niliona mstari wa kwanza nikaona si wangu. Nikaukunja."

"Mimi niliukunjua," mama akasema. "Macho yangu ni mazito, sikumaliza. Nilifika pale pa soksi."

"Mama!"

"Umeandika mwenyewe, sikukuandikia. Umeandika soksi zako zote zililowa, miguu ikafa ganzi. Na huyu akavua zake, ndizo kavu pekee alizokuwa nazo, akakupa. Yeye akatia miguu yake katika mifuko ya nailoni, juu akavaa viatu, akatembea siku nzima hivyo, na hakumwambia mtu. Wewe uligundua jioni." Akamtazama Dalmas. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Miguu ilikuwaje?"

"Ilivimba kidogo. Ikapona."

Mama akaukunja ukurasa tena, mara nne, akaniwekea mkononi na kuufunga mkono wangu kwa mkono wake. "Soma mwenyewe," alisema. "Ilikuwa yako." Kisha akaimimina chai, na kikombe cha kwanza akampa Dalmas, kwa mikono miwili.

Nilimwona Dalmas akikipokea. Alikipokea naye kwa mikono miwili, akakiweka salama juu ya meza.

Baba alikuwa ameshavaa kofia. "Naenda hardware kabla baba yake Chege hajafunga. Mzee mwenzangu hawezi kuvaa suti kesho asubuhi bure. Nitamwambia kulikuwa na mtu kabla yake na kosa ni langu. Atakasirika leo, keshokutwa ataniuzia misumari." Akamnyooshea Dalmas kidole. "Wewe, Jumapili ijayo njoo na watu wako. Una mzee?"

"Kuna ndugu ya marehemu baba, mzee Jeconia. Yuko Makina."

"Mlete. Na mama yako mlete, hata akikataa njia nzima. Maliza chai, tutoke pamoja."

Waliondoka saa kumi na moja. Nilisimama kwenye ngazi ya mlango nikiwatazama wakishuka kuelekea kituo cha matatu cha 56, baba mfupi mwenye kofia na Dalmas mrefu mwenye shati la kanisa. Langoni Dalmas aligeuka. Hatukuruhusiwa hata kushikana mikono mbele ya wazazi, lakini alinitazama kama alivyonitazama siku ile ukungu ulipoinuka na kambi ikaonekana kumbe iko pale tu, hatua mia mbili mbele yetu. Nikahisi kifua changu kikifunguka, na hewa ikaingia, nyingi, kama sikuwa nimepumua tangu Alhamisi.

Niliketi kwenye ngazi na kulia kidogo. Nililia vizuri, bila haraka.

"Ukimaliza kulia uje ndani," mama aliita kutoka jikoni.

"Nakuja."

"Jumapili watakuwa watu wangapi?"

"Sijui, mama. Watano, sita."

Nikasikia sufuria zikigongana. Alikuwa akizihesabu. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayejifanya kuuliza jambo dogo.

"Huyo samaki wao, anapikwaje?"

Nikafuta macho. "Mama, wewe samaki hata harufu huitaki."

"Nimekuuliza kama naitaka? Nimeuliza anapikwaje."

"Mimi pia sijui."

"Basi kamuulize mama yake," akasema. "Una wiki moja."